Chaki Juu ya Valvu

Baba yangu alikuwa haamini kibati. Valvu yoyote iliyoingia dukani kwetu Kilindoni, hata ingekuwa mpya na bado inanuka mafuta ya kiwandani, aliiweka mezani, akavaa miwani, akasoma kile kibati kidogo kilichobandikwa ubavuni mwake, akaguna. Kisha alitoa chaki mfukoni na kuandika juu ya chuma namba yake mwenyewe. Namba hiyo ndiyo mafundi wa Mafia waliyoifuata. Walikuwa wanaigeuza valvu mkononi, wanaitafuta chaki, na wakiiona wanasema, "Mzee kashapita hapa." Baada ya hapo mazungumzo yalihamia kwenye bei ya korosho au ubovu wa barabara.

Sisi ni Waislamu wenye asili ya Kihindi, na duka hili tumelirithi. Babu yangu aliuza humo mchele na vitambaa. Baba ndiye aliyeondoa magunia akaingiza mabomba, koki, matangi na valvu. Mama alipofariki, ndugu zangu walikuwa wameshahamia Dar es Salaam na kwingine, nikabaki mimi na yeye. Watu husema nilibaki kwa sababu nampenda sana baba yangu. Kweli nampenda, lakini pia mimi ni mtu wa hasira za karibu, na Dar ina foleni ambazo zingeniua mapema.

Kosa la kibati, kwa maoni ya baba, ni kwamba kila nchi inapima maji kwa chombo chake. Bidhaa zetu zinakuja kwa boti kutoka bara zikiwa zimechanganyika kama nguo za mtumba. Zipo za Italia na za China, zipo zilizong'olewa kwenye viwanda vilivyofungwa, zipo zilizoagizwa na hoteli za watalii zikakosa pa kufungwa. Nyingine zimeandikwa Kv na namba mbele yake, nyingine zimeandikwa Cv na namba. Asiyejua anaona namba ni namba, anachukua, anafunga, kisha analaumu pampu.

Alinifundisha jambo hili nikiwa bado mwanafunzi, mchana mmoja wa Ramadhani ambapo hapakuwa na mteja. Alisema namba zote mbili zinajibu swali moja: valvu hii ikifunguliwa yote, inapitisha maji kiasi gani? Tofauti iko kwa anayesukuma na anayepima. Watu wa Ulaya wanasukuma maji kwa presha ya bar moja, wanangoja saa nzima, kisha wanahesabu mita za ujazo zilizopita. Hiyo ni Kv. Wamarekani wanasukuma kwa paundi moja tu kwa kila inchi ya mraba, msukumo wa kitoto, wanangoja dakika moja, wanahesabu galoni zao. Hiyo ni Cv.

"Basi zitatofautiana sana," nilisema.

Hapo ndipo alipotaka nifike. Alivuta kiti. Bar moja, alisema, ni zaidi ya mara kumi na nne ya ile paundi yao. Lakini maji si mtumwa, hayaongezeki kwa kadiri unavyoyapigia kelele. Ukisukuma kwa nguvu mara nne, yanapita mara mbili tu. Na mita moja ya ujazo kwa saa nayo ni zaidi ya galoni nne za Marekani kwa dakika. Kwa hiyo mwenye msukumo mkubwa ana chombo kikubwa, na mwenye msukumo mdogo ana chombo kidogo, na mwisho wa safari namba zao zinakaribiana. Ya Marekani inazidi kidogo. Ukitaka kuipeleka Ulaya, izidishe kwa sifuri nukta nane sita tano. Ukitaka kuirudisha ilikotoka, gawanya kwa hiyo hiyo.

"Na huko kukaribiana ndiko kubaya," alisema. "Tofauti ingekuwa ya tembo na kuku, hata mlevi angeiona. Hii ni ya kuku na kuku mwenzake."

Kisha alichukua tepu ya mama ya kushonea, akanizungushia kichwani. Upande mmoja ulisema inchi ishirini na moja. Aliigeuza, upande wa pili ukasema sentimita hamsini na tatu na kidogo.

"Kichwa kimekua?"

"Hapana, Baba."

"Basi kumbuka. Valvu haikui wala haipungui. Kinachogeuka ni tepu."

Nimeuza valvu miaka mingi tangu siku ile, na sijapata maelezo mazuri kuliko hayo. Sasa hivi simu inabadilisha namba hizo kabla hujamaliza kupiga chafya, na mimi nilikuwa na tabia ya kumchokoza kwa simu yangu. Akiandika chaki, mimi nafanya hesabu pembeni, nangoja akosee nimcheke. Hakuwahi kukosea. Alikuwa ananiambia simu haina adabu, maana inatoa jibu bila kuuliza maji yanatoka wapi na yanakwenda kwa nani.

Chaki yenyewe ilianza kwa sababu ya fundi mmoja wa kijiji cha Kanga. Fundi huyo alisoma kwenye karatasi ya hoteli kwamba valvu inapitisha galoni kadhaa kwa dakika. Yeye galoni aliyoijua ni ile ya plastiki ya lita tano tunayochotea maji, akapiga hesabu zake zote kwa galoni hiyo. Ya Marekani haifiki hata lita nne. Maji yalipokuja hafifu, alirudi dukani kudai kwamba Wamarekani ni waongo. Baba alicheka mpaka akavua miwani. Lakini fundi alipoondoka, alivaa miwani tena, akasema si kosa la yule bwana, ni letu tuliomuuzia. Kuanzia hapo kila valvu ilipata chaki, na namba ya chaki siku zote ilikuwa Kv, ili mafundi wote wa kisiwa wazungumze kipimo kimoja.

Mafundi nao wakajiwekea desturi. Chaki ya Mzee haifutwi mpaka maji yapite. Ukiifuta kabla, umejitwalia dhamana mwenyewe, na mradi ukienda kombo usije dukani kulia. Na siku ya kufungua maji kijijini, baba alialikwa. Alichuchumaa mbele ya valvu, akasoma chaki yake, akasema bismillahi, akaifuta kwa kidole gumba, halafu ndipo fundi alipofungua. Nilimsindikiza mara nyingi. Alikuwa anarudi nyumbani na doa jeupe kwenye kidole na uso wa mtu aliyetoka harusini.

Dalili ya kwanza sikuiita dalili. Niliiita usumbufu. Aliniuliza kama boti imeshaingia, nikamjibu, akamhudumia mteja, akaniuliza tena. Nilimwambia, "Baba, si nimeshakwambia," kwa sauti ambayo leo nikiikumbuka inaniuma. Kisha akaanza kusalimia watu mara ya pili. Mtu anampa shikamoo, yeye anaitikia marahaba vizuri kabisa, anamuuliza habari za nyumbani, wanamaliza, na baada ya kitambo anamgeukia na kumuuliza habari za nyumbani kana kwamba ndiyo kwanza ameingia. Watu wa hapa wana adabu. Walijibu upya, na baadhi yao walitia habari nyingine ili majibu yasiwe yale yale.

Nilimpeleka Dar hospitali. Daktari alizungumza na mimi barazani, akaniambia ni ugonjwa wa kusahau, kwamba utakwenda polepole, na kwamba zitakuwepo siku atakuwa safi kama zamani. Aliniambia nizifurahie siku hizo. Tulirudi na vidonge, na baba akiwa na yakini kwamba tumekwenda kuagiza mabomba.

Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu. Sikuomba apone, kwa sababu nilimwelewa daktari. Niliomba asijue. Nilitaka aendelee kukaa kwenye kile kiti chake cha mbele, chaki mfukoni, na machoni pake mwenyewe abaki kuwa yule anayejua namba.

Ndipo ikaja valvu ya kijiji cha Kirongwe. Kamati ya maji ya kule ilikuwa inamalizia bomba linalotoka kwenye tangi na kugawanyika kwenda vitongoji viwili, kimoja karibu na tangi, kingine mbali, mahali ambapo ardhi inapanda kidogo. Valvu ya kitongoji cha karibu ilitakiwa ipitishe kiasi chake na isizidi, la sivyo watu wa karibu wangeoga maji yote na wa mbali wangebaki kusikiliza hewa ikilia kwenye koki. Mchoro wa mhandisi ulisema Kv iwe kama kumi na saba. Tulipata moja, ngumu, nzuri, ya Kimarekani, kibati kikisema Cv 20. Siku ilipoingia baba aliandika 17.3, nikafanya hesabu kwenye simu, nikakuta 17.3, nikamwambia leo tena umeponea chupuchupu. Alicheka. Tukaiweka rafuni kungoja wenyewe.

Mwenyekiti wa kamati ile alikuwa fundi mtu mzima ambaye baba ndiye aliyemfundisha kazi, miaka hiyo akiwa kijana. Alipokuja kuichukua, alimpa baba shikamoo, akasimama pale mbele ya meza mikono nyuma, kama anavyosimama hata leo. Baba alinyanyuka mwenyewe, akaishusha valvu, akaisoma.

"Kumi na moja nukta mbili," alisema. "Hii haiwafai. Itawabana. Subirini niwaagizie kubwa."

Nilidhani ameshusha valvu nyingine. Nilisogea. Ilikuwa ile ile. Chaki ilisema 11.2, kwa mwandiko wake, mbichi bado. Lakini chuma kile hakikuwa laini, kilikuwa na vipele vipele vinavyoshika unga, na chini ya namba ile niliona namba nyingine iliyofutwa kwa kidole, 13, na chini yake 15, na chini kabisa, kwa shida, ile 17.3 niliyomcheka nayo.

Nilielewa pale pale. Kila asubuhi baba alikuwa anapangusa vumbi rafuni. Akifika kwenye valvu ile, alisoma namba ya chaki akadhani ndiyo ya kibati, namba ya Kimarekani inayongoja kubadilishwa. Akaibadilisha, vizuri kabisa, kwa sifuri nukta nane sita tano, bila kosa hata moja. Asubuhi nyingine akaibadilisha tena. Hesabu zake zote zilikuwa sahihi. Alichokuwa hakumbuki ni kwamba ameshazifanya.

Dukani kwetu baba hasahihishwi mbele ya mteja. Mama hakuwahi, ndugu zangu hawakuwahi, na mimi na ulimi wangu huu sikuwahi. Nilisimama nimeshika ukingo wa meza. Fundi aliitazama valvu, akaitazama kwa muda kuliko inavyohitajika, nikajua naye ameziona zile namba za chini. Kisha akasema, "Sawa, Mzee. Tutasubiri."

Alitoka. Baada ya muda mfupi akapita mlango wa nyuma, wa stoo, akisema amesahau kofia yake ya pikipiki. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

"Dada," aliniambia kwa sauti ya chini, "ile ndiyo yenyewe, au siyo?"

"Ndiyo yenyewe. Kumi na saba nukta tatu."

"Tangu lini Mzee yuko hivi?"

Nililia mbele ya mtu ambaye si ndugu yangu, katikati ya viungio vya mabomba, na yeye akageuka akatazama ukutani mpaka nilipomaliza. Aliniambia, "Sisi tutaendelea kuja kwake mbele kama kawaida. Akisema kumi, tutasema sawa. Kisha tutapita huku kwako utuambie." Nikamwambia asimwambie mtu. Alisema hatamwambia mtu asiyehusika. Jioni alikuja kijana wa pikipiki akaibeba valvu ikiwa imefungwa ndani ya kiroba, baba akiwa msikitini.

Ikawa ndiyo namna yetu ya kuuza. Fundi anaingia mbele, anatoa heshima zake, anapewa namba na baba, anashukuru. Halafu anakuja nyuma nampa namba ya kweli. Sikujua nani kamwambia nani, lakini walikuja wa Kilindoni, wa Kanga, wote wakiwa na kisingizio cha kusahau kitu. Nilishukuru na nilikasirika kwa pamoja. Nilikasirika kwa sababu walivyokuwa wanamtendea wema ndivyo nilivyozidi kuona kwamba amekwisha. Mimi mwenyewe nilianza kuzibadilisha namba zake kichwani, kama alivyonifundisha: hii ameizidisha mara moja, gawanya, hii mara mbili, gawanya tena. Nilikuwa napita njia yake kinyumenyume kumtafuta mahali alipokuwa mzima.

Kisha Kirongwe wakatuma mwaliko wa kufungua maji.

Nilitaka kukataa. Nilitafuta ugonjwa, nikatafuta gari bovu. Lakini habari ilimfikia baba kutoka kwa mpita njia, na asubuhi ile nilimkuta ameshavaa kanzu na kofia, viatu vimepigwa rangi, chaki mpya mfukoni. Aliniuliza mbona nachelewa. Nikajipa moyo kwamba valvu imeshafungwa, imeshafutwa, imepakwa rangi, na kwamba atachuchumaa, atafuta chochote atakachokikuta, atasema bismillahi, na tutarudi.

Njiani alikuwa amechangamka. Alinionyesha shamba lililokuwa la rafiki yake, akanitajia minazi iliyokatwa, akaniuliza kama nimekula. Aliniuliza mara moja tu. Nilipaswa kuelewa.

Kirongwe watu walikuwa wamekusanyika chini ya mikorosho, akina mama na ndoo zao zimepangwa foleni. Kisanduku cha saruji chenye valvu kilikuwa kimefunikwa kwa mfuniko wa zege. Iliposomwa dua, fundi aliondoa mfuniko, na baba akashika bega langu akachuchumaa. Mimi nilichungulia juu ya kofia yake. Valvu ilikuwa imefungwa vizuri, boliti zote zimekazwa. Ubavuni, juu ya chuma, chaki ilikuwa pale pale. 11.2. Hakuna aliyeifuta. Nilimtazama fundi, naye akatazama chini. Baadaye aliniambia alishika kitambaa mara kadhaa akashindwa, kwa sababu tangu ujana wake hajawahi kufuta mwandiko wa Mzee kabla ya maji kupita, na mkono wake ulikataa.

Baba alisoma chaki. Kisha akainamisha kichwa zaidi, akasoma kibati.

"Cv ishirini," alisema taratibu.

Alinyoosha kiganja cha kushoto, akaandika kwa kidole cha kulia hesabu isiyoonekana, kama alivyokuwa akifanya zamani. Midomo ilicheza. "Kumi na saba nukta tatu," alisema.

Daktari aliniambia zitakuwepo siku safi, nizifurahie. Nilikuwa nimezingoja kila asubuhi. Ile niliichukia.

"Nani aliandika kumi na moja?"

Fundi alifungua mdomo, nikamwahi.

"Mimi, Baba. Nilikosea."

Alinigeukia. Macho yake yalikuwa yale yale ya mchana wa tepu, na nilitamani yasiwe.

"Moja yako ni fimbo," alisema. "Tangu darasa la kwanza unaandika fimbo, na mimi nakugombeza. Hizi zina kofia na kiatu. Hizi ni moja zangu."

Alirudi kwenye valvu, akaisogelea karibu sana, na nikajua anasoma madoa ya chini. Alizisoma zote kwa sauti ndogo, akianzia juu: kumi na moja nukta mbili, kumi na tatu, kumi na tano. Ya mwisho hakuitaja.

"Kuna watu walioondoka na valvu za namna hii?" aliuliza. Hakuniuliza mimi, alimuuliza fundi.

"Hapana, Mzee. Dada alikuwa anazikagua zote, kule nyuma."

"Kwa hiyo mnajua. Wote."

Fundi yule mtu mzima alijifuta uso kwa kiganja chake. "Tusamehe, Mzee," alisema.

"Mmenikosea nini?" baba alisema. "Maji yenu yatakuwa sawa."

Aliniomba nimwinue. Aliposimama alitia mkono mfukoni, akatoa ile chaki mpya, akaiweka kwenye kiganja changu na kuvikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo akinipa hela ya kwenda nayo dukani nisiiangushe njiani.

"Andika wewe," alisema. "Mimi nikiandika, inapungua."

Hakufuta chaki siku hiyo. Alikwenda kukaa ndani ya gari, mlango wazi, miguu nje. Niliifuta mimi, bismillahi, zote, mpaka chuma kikabaki chuma, na fundi akafungua. Maji yalikwenda kitongoji cha karibu, na baada ya muda tukasikia vigelegele vya kitongoji cha mbali kule juu, kwa hiyo yalifika kwa wote kama mchoro ulivyosema. Nilipokwenda kumwambia, nilikuta anatazama kidole chake gumba, ambacho hakikuwa na doa lolote. Njia nzima ya kurudi alinishika mkono. Nilijua kwamba kile kitu kimoja nilichokiomba nimenyimwa. Amejua. Na ilikuwa safari ndefu kukaa pembeni ya mtu anayejua.

Wala sikufikiria kwamba kitakachofuata kitakuwa kigumu zaidi. Asubuhi iliyofuata alikwenda rafuni na kitambaa chake cha vumbi, akashusha valvu, akavaa miwani, akatia mkono mfukoni. Akatafuta mfuko wa pili. Siku hizi ndivyo anavyoanza karibu kila siku, na mimi, ambaye zamani sikuweza kujibu swali moja mara mbili bila kupandisha sauti, naacha ninachokifanya na kwenda kusimama karibu naye.

"Chaki yangu iko wapi?"

"Ulinipa mimi, Baba. Tulipokuwa Kirongwe."

"Nilikupa mwenyewe? Hukuninyang'anya?"

"Ulinipa mwenyewe."

Ananitazama kutafuta kama nasema kweli. Nami namwacha anitazame, kwa sababu katika yote niliyomwambia tangu augue, hili ndilo lisilo na uongo ndani yake.

"Basi nilikuwa na sababu," anasema, anairudisha valvu rafuni taratibu, na kwenda kukaa kwenye kiti chake cha mbele.